Kumtafuta Binamu wa Mkonge: Siku Tano Nebraska na Dakota

Kwa miaka sita nimeendesha lori kwenye barabara ya I-80 kutoka Omaha kwenda magharibi, na kwa miaka sita kuna mmea umekuwa ukinikodolea macho. Ukishaupita mji wa Ogallala mahindi yanakwisha, vilima vinaanza, na juu ya vilima hivyo kuna vishada vya majani membamba yaliyochongoka, kama vile mtu kachukua mkonge mchanga wa Muheza akaufinya. Januari, theluji ikishafunika kila kitu na nyasi zimegeuka rangi ya gunia, vishada vile vinabaki kijani. Mmea huo ni yuka. Nilikuwa naviona kwa sekunde mbili, basi, vimeshabaki nyuma. Lori la tani thelathini na sita halisimamishwi kwa ajili ya jani.

Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge. Babu alikuja Tanga kutoka Uha akiwa manamba, kibarua wa mkataba, baba kazaliwa kambini na amekata mkonge tangu ujana mpaka mgongo ulipomgomea. Jani lenye mwiba nchani silipiti hivi hivi. Mwaka huu nilipopata likizo ya Juni nikamwambia kijana wangu, ana miaka kumi na miwili, apakie hema kwenye gari dogo twende tukalione kwa karibu.

Siku ya kwanza, Alhamisi: Omaha hadi Halsey

Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu alisimama mlangoni na kanga begani, bado hajaelewa. Kila Jumamosi yeye hununua muhogo kwenye duka la Wamexico, ule uliopakwa nta, na kibao chake kimeandikwa “yuca”.

“Yaani mnaendesha maili elfu na zaidi kwenda kuangalia muhogo,” alisema.

Nikamweleza kwamba hii ni yuka nyingine, ila kuchanganya si kosa lake, kosa ni la zamani. Wataino wa visiwa vya Karibi ndio walioita muhogo yuca. Huko Ulaya jina likabandikwa kwenye mmea usio na undugu na muhogo hata wa kuombea chumvi, na Linnaeus alipoandika kitabu chake cha mimea mwaka 1753 akaliacha hapo hapo lilipobandikwa. Mke wangu akasema haya, mkirudi pitieni dukani mniletee muhogo wa kweli.

Baba, kule Muheza, nilimtumia ujumbe wa sauti mrefu: mmea ni wa jamii moja na mkonge, wa kwao hapa hapa Marekani, haukupandwa na mtu, unavumilia ukame na baridi. Jibu lake lilikuwa na urefu wa sekunde tatu. “Marahaba. Una singa?”

Singa, kwa ambaye hakukulia Tanga, ndizo nyuzi zinazobaki jani la mkonge likishakamuliwa nyama yake. Kwa baba mmea hauulizwi jina. Unaulizwa singa.

Grand Island tuliiacha I-80 tukashika barabara namba 2. Grand Island naijua kwa kujaza mafuta; kuna Wasomali na Wasudani wengi wa viwanda vya nyama, na zaidi ya mara moja nimesikia Kiswahili cha kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwenye foleni ya kahawa. Kuanzia hapo barabara inafuatana na reli. Treni za makaa ya mawe kutoka Wyoming zinapita moja baada ya nyingine, na kijana alihesabu mabehewa ya moja mpaka mia na ishirini na kitu akapoteza hesabu, akaanza kubishana na mimi kama nilimchanganya makusudi. (Nilimchanganya makusudi.)

Baada ya Broken Bow nchi inabadilika. Mashamba yanakatika, kunakuja vilima vya mchanga vilivyovikwa nyasi, kimoja nyuma ya kingine, hakuna mti, hakuna nyumba. Hivi ni Sandhills, kama kilomita za mraba 50,000, karibu mara mbili ya mkoa mzima wa Tanga. Chini ya nyasi ni mchanga mtupu wa jangwa. Nyasi ndizo zinazoushikilia.

Karibu na kijiji cha Dunning tulivuka mstari wa longitudo wa 100 magharibi. Hakuna kibao, nilikuwa naangalia ramani ya simu. Mwaka 1878 mwanajiolojia John Wesley Powell aliiandikia serikali ya Marekani kwamba kuanzia maeneo haya kwenda magharibi mvua haitoshi kulima bila kumwagilia, na watu wengi hawakutaka kumsikia. Mvua ya huku ni kama milimita 500 kwa mwaka, na miaka mingine haifiki. Mahindi huishia hapa, ndipo binamu yetu anapoanza kujitanua.

Tumepiga hema Halsey, kwenye msitu wa ajabu kidogo. Mwanzoni mwa karne iliyopita profesa mmoja wa mimea, Charles Bessey, aliishawishi serikali kwamba miti inaweza kuota kwenye mchanga huu, na kuanzia 1902 ikatengwa ardhi, watu wakapanda misonobari kwa mikono, maelfu kwa maelfu. Oktoba 2022 moto ulipita na kuteketeza sehemu kubwa. Jioni tulitembea kwenye upande ulioungua. Misonobari imesimama mieusi kama nguzo za umeme zilizosahauliwa, na chini yake, kwenye mchanga wenye masizi, yuka zimejaa tele. Moto unachoma majani tu. Shina lenyewe limelala ardhini, na kutoka huko linatoa majani upya.

Kishada kimoja kinanifika pajani. Jani lake ni jembamba kuliko kidole, refu kama nusu mita, gumu, kingo zake nyeupe zinabanduka na kujikunja kama nyuzi za pindo la shuka iliyochakaa. Nikamwonyesha kijana pindo lile: hizo ndizo singa, zinachungulia zenyewe. Rangi yake si kijani cha mgomba, ni kijani kilichochanganywa na jivu, na ndiyo maana ya jina la kisayansi, Yucca glauca, alilopewa na Thomas Nuttall, Mwingereza aliyepanda Mto Missouri mwaka 1811 akikusanya mimea. Nilikuwa namweleza mtoto habari za Nuttall huku narudi kinyumenyume ili nipige picha, na kishada cha nyuma yangu kikanichoma ugoko mpaka damu. Mtoto wa mkata mkonge! Sijamwambia baba.

Siku ya pili, Ijumaa: kaskazini ya Thedford

Dereva mwenzangu ana mjomba mwenye ranchi huku, na alitupigia simu ya kututambulisha. Kufika kwake ni maili kadhaa za njia ya mchanga. Maili ya mwisho nikazama. Miaka yote hii ya kuvuta matela kwenye barafu ya Wyoming, nimekuja kuzama na kigari cha milango minne kwenye kichanga cha kuchezea watoto. Mzee alikuja na trekta, akafunga mnyororo bila kusema neno, akatuvuta hadi uani. Ndipo akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akacheka mpaka akavua kofia.

Yeye haiiti yuka. Anaiita gugu la sabuni, na watu wote wa huku huiita hivyo, na neno “gugu” analitamka kwa uzito wake. Nilidhani nitakuta mtu anayeusifia mmea, kumbe ana kesi nao. Kila mahali unaposimama hakuna majani ya ng'ombe, na ng'ombe hawaugusi wakati wa kiangazi majani mengine yakiwepo. Dawa yake, alisema, ni majira. Ukiingiza ng'ombe kilimani Januari, nyasi zote zikiwa kavu, kitu pekee cha kijani ni hicho, na ng'ombe wanakitafuna hadi kitovuni, miiba na yote. Jirani anayelisha kiangazi peke yake, vilima vyake vimejaa yuka. Yeye analisha baadhi ya vilima baridi, na yuka zake ni za kuhesabu. Alituonyesha uzio wa waya unaotenganisha ardhi hizo mbili, na kweli tofauti unaiona hata ukiwa umekaa kwenye gari.

Ila Juni ni habari nyingine, kwa sababu ng'ombe wanapenda maua. Mlingoti ukitoka tu wanaukata kama bua la muwa. “Ukitaka maua,” akatuelekeza kwa kofia, “pandeni kile. Sijafungulia mifugo huko mwaka huu.”

Tulipanda. Njiani kuna mahali upepo umeshachana ngozi ya kilima na kuchimba bakuli la mchanga mweupe, pana kuliko uwanja wa mpira. Ng'ombe wakizidi, au gari likipita njia moja mara nyingi, nyasi zinakatika na upepo unamalizia. Kwenye ukingo wa bakuli lile yuka moja ilikuwa imeachwa inaning'inia nusu hewani, na hapo ndipo niliuona mzizi. Unene wa mkono wangu, wa kahawia kama gome la mwembe, unashuka na kushuka kwenye mchanga na hauishi. Majani ni madogo kwa sababu mmea wenyewe uko chini. Sasa nikaelewa kwa nini Agosti yote inapokauka huyu haulizi mvua iko wapi.

Mzee alikuwa ameturuhusu kuchukua kipande cha mzizi uliokwisha fukuliwa na upepo, na majani tuyatakayo (“chukueni yote!”). Kijana alikuwa na grisi mikononi kutokana na ule mnyororo. Nikaponda kipande cha mzizi kwa jiwe, tukamwagia maji ya chupa, nikamwambia asugue. Povu likatoka, jeupe, zito, kama la sabuni ya kipande. Grisi haikutoka yote, nisidanganye. Lakini mikono ilitoka misafi kuliko ilivyostahili, na mtoto aliyekuwa akiniuliza kila nusu saa kama kuna mtandao aliacha kuuliza.

Kilima kile juu kilikuwa kimechanua. Nisemeje? Kila kishada kimesimamisha mlingoti mmoja kama wa mita moja, na kuanzia karibu na majani hadi nchani umening'iniza maua kama kengele, meupe yenye ukijani, mazito, petali zake nene kama za nta. Mlingoti wa mkonge ni mrefu kama nguzo na maua yake yako juu mbinguni, huyaoni vizuri mpaka uangushe. Haya yako usawa wa kifua, unaweza kuinamia moja moja. Kwenye shingo za milingoti sisimizi walikuwa wanachunga vidukari, kundi kwa kundi, na kijana akasema hawa nao wana ranchi yao.

Tulikuwa tumekuja kwa ajili ya usiku. Huku Juni giza haliingii mpaka karibu saa nne, tukakaa tukila mkate na mayai ya kuchemsha tukisikiliza vinu vya upepo vikivuta maji ya ng'ombe. Nilikuwa nimeifunga tochi karatasi nyekundu ili mwanga usiwashtue wageni.

Mgeni mwenyewe ni nondo. Mchana tulishamwona akilala: mdogo kuliko ukucha, mweupe kama ua lenyewe, kajibana ndani ya kengele usimtofautishe na petali. Usiku anaamka. Nilipiga magoti mchangani kwa saa nzima, ugoko unaniwaka, na hatimaye tukampata mmoja akiwa kazini.

Nondo jike wa yuka ana kitu ambacho nondo wengine hawana, vijikono viwili mdomoni, si vya kulia, ni vya kubebea. Anakwenda kwenye ua, anakwangua chavua, anaifinyanga tonge, analikumbatia chini ya kidevu. Halafu anaruka mmea mwingine. Anazunguka sehemu ya kike ya ua anaikagua. Kama mwenzake ameshatangulia kutaga, harufu inamwambia. Akiridhika anachoma anataga yai ndani, kisha anatembea hadi kwenye tundu la kupokelea chavua, na hapo anachukua kidogo kutoka kwenye tonge lake na kukishindilia. Tulimwona akishindilia. Kichwa kinakwenda mbele na nyuma kama mtu anayetwanga. Wala hapati kitu cha kula pale. Akiisha kuwa nondo mzima siku zake ni chache, na hali chochote.

Mbegu zikikua, watoto wake wanakula baadhi, nyingine zinabaki za mmea. Wakishashiba wanatoboa tunda, wanashuka kwa uzi mwembamba, wanajizika mchangani kungoja Juni nyingine. Na kama mwaka ule yuka hazikuchanua, wengine wanaendelea kulala mpaka mwaka unaofuata. Bila nondo huyu hakuna mbegu hata moja, na bila yuka hakuna nondo. Charles Riley, aliyekuwa mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, ndiye aliyekieleza kisa hiki mwanzoni mwa miaka ya 1870, naye alianzia kwenye uchunguzi wa daktari mmoja wa St. Louis, George Engelmann. Nashangaa zaidi subira yao kuliko akili yao. Mimi saa moja tu nilikuwa nimekwisha.

Mmea nao si mjinga. Ua lililowekewa mayai mengi kupita kiasi linadondoshwa na mmea wenyewe, pamoja na mayai yake. Lakini pia kuna wadandiaji. Kuna aina nyingine ya nondo, ndugu wa huyu, anayekuja tunda limeshafunga, anataga yai lake, habebi chavua ya mtu yeyote. Konda hamwoni.

Tulimtumia baba ujumbe palepale kilimani: tumeona nondo wa yuka anafanya kazi. Kulikuwa kumekucha kwao. “Nondo za milimita ngapi?” akauliza. Anamalizia kibanda cha kuku mwezi huu, akili yake yote iko kwenye ujenzi.

Nilipomweleza alinyamaza kidogo, akasema mkonge haumtegemei mtu wala mdudu. Ni kweli. Mkonge wetu huchanua mara moja katika maisha, kwenye mlingoti wake hutoa vikonyo badala ya mbegu, vikonyo vinaanguka na kuota, mama anakufa. Ndiyo maana Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliweza kuuhamisha kwa masanduku mwaka 1893. Vikonyo elfu moja viliondoka Florida kwa njia ya Hamburg, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Kutoka hivyo 62 yakaja mashamba, reli ikapata mizigo, babu akaja kutoka Uha. Yuka ya huku huwezi kuifanyia hivyo. Unaweza kuihamisha, itaota na kuchanua bustanini, lakini bila nondo haizai mbegu.

Baba hakupendezwa na hoja hii. “Lakini una singa?” akasema.

Siku ya tatu, Jumamosi: Thedford hadi Chadron

Siku ya kuendesha. Kabla ya Mullen unavuka mpaka wa majira na saa inarudi nyuma saa moja, kijana akadai kifungua kinywa cha pili kwa sababu kisheria ilikuwa bado asubuhi. Kobe wawili barabarani, wale wenye gamba la mistari ya njano. Tulisimama mara zote mbili kuwavusha, upande ule ule waliokuwa wanaelekea, maana ukimrudisha alikotoka ataanza upya.

Alliance kuna mtu aliyesimamisha magari mabovu kwa mduara mwaka 1987, kuiga mawe ya kale ya Stonehenge ya Uingereza, na kuyapaka rangi ya kijivu. Nimekaa na magari mabovu maisha yangu yote, sikuona haja ya kushuka. Kijana alishuka.

Mchana ikaja mvua ya mawe, dakika kumi, tukajificha chini ya paa la kituo cha mafuta. Ilipokatika nilikwenda kuangalia yuka za kando ya barabara. Nyasi zote zimelala chali, maua ya yuka yametapakaa chini, majani yenyewe hayana hata mkwaruzo.

Siku ya nne, Jumapili: Pine Ridge na Badlands

Tulivuka mpaka kuingia Dakota Kusini na kupita katika ardhi ya Walakota wa Oglala, wenyeji wa asili wa huku. Tulipita Wounded Knee, ambako tarehe 29 Desemba 1890 wanajeshi waliwaua mamia ya Walakota, wengi wao wanawake na watoto. Kijana aliuliza, nikamjibu. Tulizima redio mpaka Porcupine.

Mbele kidogo, kuelekea Kyle, mama mmoja wa makamo alikuwa ameweka meza kando ya barabara anauza hereni na mikufu ya shanga. Tukamnunulia mke wangu hereni. Aliona fungu letu la majani kwenye kiti cha nyuma akasema jina lake, hupestola, kwa namna mtu anavyotaja jina la jirani. Bibi yake alikuwa akimwosha nywele kwa mzizi wake. Nywele zinakuwa laini, alisema, ila ukiacha povu liingie machoni utajuta.

Halafu akamwomba kijana jani moja. Akaiuma ncha kidogo chini ya mwiba, bila kuukata, akavuta polepole kwenda chini, na mwiba ukaja na mkia wa nyuzi mbili tatu ndefu. Sindano na uzi wake, tayari, vimeshatungwa. Nimekaa na mkonge utoto mzima na sikuwahi kuliona hilo. Kijana alijaribu mara nane akapata ya tisa, na kuanzia hapo hadi jioni alikuwa anashona mfuko wa chipsi.

Badlands ni nchi iliyobomoka. Walakota wenyewe waliiita mako sica, ardhi mbaya, na ukiiona huna cha kubishana: miamba ya udongo yenye mistari ya waridi na kijivu, makorongo, joto la tanuri. Tulipanga kutembea saa tatu tukatembea moja. Juu ya vichuguu vile vilivyobaki na kofia ya majani utazikuta yuka, zimejipanga ukingoni kabisa ambapo udongo unameguka, mizizi mingine imeshatokeza chini kama waya kwenye ukuta uliobomolewa. Kwenye hifadhi hairuhusiwi kuchuma hata ua, kwa hiyo tuliangalia tu. Nilinusa. Harufu yake ni nyepesi, ya sabuni kidogo, au labda ni mimi ninayeiona sabuni kila mahali sasa.

Mhifadhi mmoja alituonya tusiweke mkono chini ya vishada bila kuangalia, kwa sababu nyoka wenye njuga mkiani hupenda kivuli hicho. Alituambia hayo tukiwa tumeshaweka mikono siku nne.

Siku ya tano, Jumatatu: kurudi Omaha

Zaidi ya kilomita 700, na kwa sehemu kubwa sina la kusema juu yake. Upepo wa ubavuni. Kupita Mto Missouri, ule wa Nuttall, kijana akiwa amelala mdomo wazi.

Dukani kwa Wamexico tulifika dakika tano kabla hawajafunga.

Saa tatu usiku, muhogo ukiwa jikoni na nazi yake, nilitandaza magazeti sakafuni. Majani ya ranchi yalikuwa yameshanyauka kidogo, na hilo ni afadhali. Kazi ya korona nilifanya kwa mikono. (Korona, enyi vijana, kule Tanga ilikuwa jumba la mashine ya kuchakata mkonge, neno la heshima kabisa, kabla ya ule ugonjwa.) Unaponda jani kwa nyundo ya mbao, unalilaza kwenye ubao, unakwangua kwa mgongo wa kisu kutoka kitakoni kwenda nchani. Nyama ya kijani inatoka na povu lake, nyuzi zinabaki. Jani la mkonge ni pana, na refu kuliko mkono mzima wa mtu mrefu, ukilikwangua unapata kishada cha maana. Jani la yuka lilinipa nyuzi za kuhesabu, nyeupe, imara, urefu wa dhiraa moja. Tulikwangua majani arobaini. Mke wangu akaja na sahani, akatazama magazeti, akatutazama sisi, akaweka sahani juu ya meza.

Kijana alisokota. Nilimwonyesha jinsi ninavyokumbuka, mafungu mawili ya singa, unasokota kwenye paja. Ilipofika urefu wa mkanda wa kiatu tulimpigia baba kwa picha. Kwao ilikuwa alfajiri, ametoka kuswali, kofia bado kichwani.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Lete karibu hapo. Karibu zaidi. Umeniwekea pua, lete kamba.”

Aliitazama muda mrefu. Nilikuwa najiandaa kumweleza tena habari za nondo, na mzizi, na yule mama wa Kyle.

“Singa zipo,” alisema. “Fupi. Hizi hata kwenye brashi zisingepita. Lakini zipo.” Kisha akasogeza uso mpaka ukajaza kioo. “Nani kakufundisha kusokota hivyo?”

Kijana akanitazama.

“Mmesokota kulia na kuzipindanisha kulia. Itafumuka hiyo. Singa unasokota kulia, zikikutana unazipindanisha kushoto, ndipo zinagombana na kushikana. Baba yako alikuwa anakimbilia mpira, hakuwahi kukaa.”

Kijana alishika ncha mbili za kamba akaziachia, na kweli, ikajifumua yenyewe mbele ya macho yetu. Akachanua vidole vya miguu, akazishika singa upya katikati yake kama babu alivyomwelekeza, akaanza tena. Muhogo ulipoa.